Maxwell: Mdadisi aliyeifunza dunia kupima rangi kwa nambari

Hebu fikiria hivi. Umekesha na simu yako ukibuni bango la tamasha la shule. Umechagua rangi ya machungwa iliyoiva vizuri, ile ya jua likizama. Asubuhi unakimbia mjini, unamtumia fundi wa kuchapisha faili, unalipa, unangoja. Karatasi inatoka kwenye mashine na, lo! Rangi yako ya machungwa imegeuka kahawia, kama matope ya barabarani.

Unalalamika. Fundi anakuambia shida ni simu yako. Wewe unasema shida ni printa yake. Mwenzako aliyekusindikiza naye anasema ati haoni tofauti yoyote. Nani yuko sahihi hapo?

Fundi anayeijua kazi yake hatabishana nawe. Atachapisha ukurasa uliojaa vijiraba vya rangi, kisha atachukua kifaa kidogo chenye taa na jicho la kielektroniki na kukipitisha juu ya vijiraba hivyo kimoja baada ya kingine. Kompyuta itamwonyesha nambari, na nambari hizo ndizo zitakazoamua. Kazi hiyo mafundi huiita kalibresheni, yaani kuipima mashine na kuirekebisha hadi rangi inayotoka iwe ile iliyoagizwa.

Lakini rangi inawezaje kuwa nambari? Si rangi ni kitu cha kuonwa tu, na kila mtu ana macho yake? Ukitaka jibu, inabidi nikupeleke Scotland, karibu miaka 200 iliyopita, kwa mvulana ambaye wenzake darasani walimwona mpumbavu.

MTOTO WA MASWALI

James Clerk Maxwell alizaliwa Juni 13, 1831, jijini Edinburgh. Babake, John, alikuwa wakili, ila alipenda mitambo kuliko kesi. Mamake, Frances, ndiye aliyemfunza kusoma. Familia iliishi mashambani, mahali paitwapo Glenlair, kusini magharibi mwa Scotland, na huko ndiko James alikolelewa akiwa mtoto wa pekee.

Mtoto huyu alichosha watu kwa maswali. Alitaka kujua vile kengele za nyumba zilivyovutwa kwa nyaya kutoka chumba kimoja hadi kingine, vile kufuli zilivyofunguka, vile maji ya kijito yalivyopata njia. Na ukimpa jibu la juu juu, hakuondoka. Alirudi tena kuuliza ni vipi hasa, ni nini hasa. Sisi husema kuuliza si ujinga. Kwake James, kuuliza ndiko kulikuwa maisha.

Halafu mwaka 1839, alipokuwa na miaka minane, mamake aliaga dunia kwa saratani ya tumbo. Babake, ambaye sasa alibaki peke yake na mtoto na shamba, aliajiri kijana mmoja awe mwalimu wa nyumbani. Huyo mwalimu alikuwa mkali kupindukia. Alimgonga mtoto kichwani kwa rula na kumvuta masikio hadi yakatoka damu, akiamini ni mzito wa kuelewa. James hakusema neno. Aliyegundua mambo yanavyokwenda ni shangazi zake, na mwaka 1841 akapelekwa shule kubwa ya mjini, Edinburgh Academy.

Wewe uliyewahi kuhamia shule mpya katikati ya muhula, ukiwa na lafudhi ya mashambani na viatu visivyofanana na vya wenzako, unajua kilichofuata. James alifika akiwa amevaa nguo na viatu ambavyo babake alikuwa ameviwazia na kuviunda mwenyewe. Wavulana walimzunguka, wakamcheka, wakamrarulia nguo siku hiyo hiyo ya kwanza, na kumbandika jina la utani lenye maana ya mpumbavu. Jina hilo lilimwandama kwa miaka mingi.

Hakulipiza kisasi. Alijifungia na michoro yake. Wakati huo mjini Edinburgh kulikuwa na msanii wa mapambo aliyeitwa David Ramsay Hay, ambaye alikuwa akitafuta kanuni za kuchora maumbo ya yai yanayopendeza macho. James alilivamia swali hilo kwa pini na uzi, akapata njia yake mwenyewe ya kuchora maumbo hayo na hesabu za kuyaeleza. Mwaka 1846 kazi yake ilisomwa mbele ya Chama cha Kifalme cha Edinburgh. Aliyeisoma ni Profesa James Forbes, kwa sababu mwandishi mwenyewe alikuwa na miaka 14 tu na alionekana mdogo mno kusimama mbele ya wazee wale.

Weka jina la Hay akilini. Msanii huyo atarudi hivi karibuni, akiwa amebeba karatasi za rangi.

PIA ILIYOZUNGUKA

Mwaka 1847 James alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh akiwa na miaka 16. Forbes, yule profesa, akampenda na kumfungulia milango ya maabara yake. Mwaka 1849 wawili hao wakaanza mchezo ambao ukiutazama kwa mbali ungedhani ni wa watoto: kuzungusha visahani vyenye rangi.

Siri ya mchezo ni hii. Ukipaka sehemu moja ya kisahani nyekundu na nyingine kijani, kisha ukizungushe kwa kasi, jicho haliwezi kufuata. Linaona rangi moja tu iliyochanganyika. Kumbuka kwamba wino haujagusana na wino mwingine hata kidogo. Kinachochanganyika ni mwanga unaoingia machoni mwako.

Wachoraji na wachapishaji wa enzi hizo waliamini kwamba rangi mama ni tatu: nyekundu, manjano na buluu. Forbes alizichukua hizo tatu na kujaribu kupata kijivu kwa kuzizungusha. Akashindwa. Zaidi ya hayo, buluu na manjano, ambazo kila mtoto wa shule anajua zikichanganywa kwa brashi hutoa kijani, zilipozungushwa zilitoa rangi iliyoelekea waridi!

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipojitokeza. Kuchanganya mwanga ni jambo moja, kuchanganya wino ni jambo jingine. Ukitaka kuchanganya mwanga na kupata kila rangi, rangi za kuanzia ni nyekundu, kijani na buluu. Ndizo hizo hizo zinazowaka sasa hivi kwenye kioo cha simu uliyoishika.

James akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1850, na mwaka 1854 akamaliza akiwa wa pili kwenye mtihani mgumu wa hesabu. Mara tu alipopumua, alirudia visahani vyake. Safari hii alitaka vipimo, si michezo tu.

Aliunda pia. Ndiyo, ile pia ya watoto, ya kuzungushwa. Juu yake aliweka duara za karatasi za rangi alizopata kwa yule msanii Hay: nyekundu ya vermilioni, kijani cha zumaridi na buluu ya ultramarini. Kila duara lilikuwa limepasuliwa kutoka ukingoni hadi katikati, kwa hiyo angeweza kuyapachika pamoja na kuyasukuma hadi kila rangi ionekane kwa kiasi anachotaka. Juu ya hayo makubwa aliweka mawili madogo, jeupe na jeusi. Ukingo wa pia aliugawa sehemu 100.

Ukiizungusha, duara la nje hutoa mchanganyiko wa rangi tatu. Lile la ndani hutoa kijivu cha nyeupe na nyeusi. Anasimamisha, anasukuma karatasi kidogo, anazungusha tena. Anasimamisha, anasukuma, anazungusha. Mpaka ile kijivu ya nje na ile ya ndani zifanane kabisa, mpaka usiweze kuona mpaka kati yake. Kisha anasoma ukingoni.

Moja ya jibu alilopata ni hili: sehemu 37 za nyekundu, 27 za buluu na 36 za kijani ni sawa na sehemu 28 za nyeupe na 72 za nyeusi.

Soma tena hiyo sentensi polepole. Ni mlinganyo, kama ule wa aljebra unaokutoa jasho darasani. Tofauti ni kwamba mahali pa x na y pana rangi. Wapo waliowahi kuwaza kwamba rangi zina hesabu yake, Isaac Newton akiwa mmoja wao. Thomas Young naye alikuwa amependekeza mapema katika karne ya 19 kwamba jicho lina aina tatu za vipokezi. Lakini huyu kijana wa miaka 23, kwa karatasi na pia, ndiye aliyetoa vipimo ambavyo mtu mwingine angeweza kuvirudia na kuvihakiki. Alivitangaza Edinburgh mwaka 1855.

Hakuishia kwa macho yake. Aliwaita watu wengine watazame, wakiwemo wenye upofu wa rangi. Akagundua kwamba wengi wenye macho ya kawaida walikubaliana kwa karibu sana, ilhali wenye upofu wa rangi walihitaji rangi moja pungufu ili kulinganisha. Kwa maneno mengine, kasoro ya jicho nayo iliweza kupimwa.

Sasa rudi kwa yule fundi wako. Mojawapo ya vijiraba muhimu zaidi kwenye ukurasa wake wa majaribio ni kijivu kilichotengenezwa kwa wino tatu za rangi, kando ya kijivu kilichotengenezwa kwa wino mweusi peke yake. Vikifanana, mashine iko sawa. Kile cha rangi kikielekea wekundu au ukijani hata kidogo, kuna wino unaotoka mwingi au mchache. Huo ni mtihani ule ule wa pia ya Maxwell, kijivu dhidi ya kijivu. Jicho huvumilia makosa mengi kwenye nyekundu au buluu, ila kijivu kikiharibika kidogo tu linashtuka.

KAZI YAPOTEA, NDUI YAINGIA

Usidhani maisha yalimnyookea kwa sababu alikuwa na akili. Mwaka 1856 babake alifariki. Mwaka huo huo James, akiwa na miaka 25 hivi, aliajiriwa kuwa profesa katika Chuo cha Marischal, Aberdeen. Huko alimpata Katherine Mary Dewar, binti wa mkuu wa chuo, aliyemzidi umri kwa miaka saba. Walifunga pingu za maisha mwaka 1858.

Miaka miwili baadaye mambo yakaharibika. Vyuo viwili vya Aberdeen viliunganishwa mwaka 1860, na mahali palipokuwa na maprofesa wawili wa fizikia pakabaki nafasi ya mmoja. Maxwell akapigwa kalamu, licha ya kwamba baba mkwe wake ndiye aliyekuwa mkuu wa Marischal. Akaomba kazi Edinburgh, kiti kile kile cha mwalimu wake Forbes. Akanyimwa. Kikachukuliwa na rafiki yake wa shule, Peter Guthrie Tait. Mwaka huo huo akaugua ndui hadi watu wakaogopa atakufa. Katherine ndiye aliyemuuguza hadi akapona.

Kazi iliyoanguka Aberdeen ikaamkia London. King's College ilimwajiri mwaka 1860, na Jamii ya Kifalme ya London ikampa medali ya Rumford kwa ajili ya utafiti wake wa rangi.

Kwenye dari ya nyumba yao ya London, mume na mke waliweka sanduku refu lililopakwa rangi nyeusi. Ndani yake mlikuwa na prizimu za kioo zinazotawanya mwanga wa jua kuwa rangi za upinde wa mvua, pamoja na mianya mitatu iliyoweza kupanuliwa au kufinywa. Mtazamaji alichungulia upande mmoja na kulinganisha mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu safi na mwanga mweupe. Upana wa kila mwanya ndio uliokuwa kipimo. Inasimuliwa kwamba majirani waliowaona wakikodolea macho kitu kama jeneza kwa saa nyingi walidhani wote wawili wamerukwa na akili.

Nani alikuwa akipima? Katika matokeo aliyoyachapisha kuna watazamaji wawili wanaotajwa kwa herufi tu: J na K. J ni James. K ni Katherine. Jina lake halikuandikwa wazi, lakini macho yake yamo ndani ya vipimo vile, safu kwa safu.

Na hapa kuna jambo la kusisimua. J na K hawakukubaliana kabisa. Walipima kwa uangalifu ule ule, sanduku lile lile, jua lile lile, na bado nambari zikatofautiana kidogo. Maxwell hakuificha tofauti hiyo wala kumlaumu mkewe. Aliifuatilia, akaona chanzo chake kimo katika doa la manjano lililo katikati ya retina, ambalo humeza mwanga wa buluu, na ambalo halilingani kwa watu wote.

Kwa hiyo yule mwenzako aliyesema haoni tofauti kwenye bango lako huenda hakuwa akidanganya. Macho hayana pazia, wahenga walisema, ila kumbe yana kichujio, na kila mtu amezaliwa na chake.

UTEPE ULIOIDANGANYA KAMERA

Mei 17, 1861, Maxwell alisimama mbele ya hadhira katika Royal Institution, London, ili kuthibitisha wazo lake. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa amepiga picha za utepe wa kitambaa cha Kiskoti, kile chenye miraba ya rangi, unaweza kukifananisha na shuka la Kimaasai. Aliupiga mara moja kupitia kichujio chekundu, mara ya pili kijani, mara ya tatu buluu. Picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe.

Kisha taa tatu zikawashwa, kila moja ikiangaza picha yake kupitia kichujio cha rangi ile ile. Picha tatu zikaangukia ukutani mahali pamoja. Na hapo, mbele ya macho ya watu, utepe ukajitokeza ukiwa na rangi zake. Wengi huihesabu hiyo kuwa picha ya kwanza ya rangi duniani iliyotengenezwa kwa njia ya rangi tatu.

Lakini subiri. Kemikali za picha za wakati huo zilikuwa karibu vipofu kwa mwanga mwekundu. Picha ya kichujio chekundu haikufaa kutoka kabisa. Ilitokaje basi? Kitendawili hicho kilikaa kwa karne nzima. Mwaka 1961 watafiti wa kampuni ya Kodak walilichunguza jambo hilo upya, wakagundua kwamba kile kichujio chekundu kilipitisha pia mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la binadamu haliuoni, na kwamba rangi nyekundu ya vitambaa vingi huurudisha mwanga huo. Kamera haikuwa imeona wekundu. Ilikuwa imeona kitu kingine kilichokuwa mahali pale pale.

Maxwell alibahatika. Ila bahati hiyo ina funzo ambalo kila mtu wa kuchapisha analijua leo: kifaa hakioni vile jicho linavyoona. Karatasi nyingi nyeupe za siku hizi zina kemikali inayonyonya urujuanimno na kuutoa tena kama mwanga wa buluu, ndiyo maana zinang'aa sana juani. Ukipima rangi yake kwa taa isiyo na urujuanimno, utapata nambari moja. Ukipima kwa taa iliyo nao, utapata nyingine. Kwa sababu hiyo wataalamu wa uchapishaji wamewekeana kanuni za taa gani itumike wakati wa kupima.

KUTOKA KWENYE PIA HADI KWENYE PRINTA

Ni kweli, ulimwengu unamkumbuka Maxwell zaidi kwa jambo jingine. Katika miaka hiyo hiyo ya London aliunganisha umeme na sumaku katika hesabu moja, akaona kwamba mawimbi yake yangesafiri kwa kasi iliyolingana na ya mwanga, akahitimisha kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la umeme na sumaku. Redio, simu na Wi-Fi vyote vinakaa ndani ya hesabu hizo. Ila hata hapo usiisahau rangi. Ikiwa mwanga ni wimbi, basi nyekundu, kijani na buluu ni mawimbi ya urefu tofauti. Yale tunayoyaona yana urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi.

Hivyo ndivyo kile kifaa cha fundi kinavyofanya kazi. Kinaangaza mwanga juu ya kijiraba, kinapokea unaorudi, kinautawanya vile prizimu za Maxwell zilivyoutawanya, kisha kinahesabu ni kiasi gani kimerudi katika kila urefu wa wimbi. Kinaitwa spektrofotomita.

Wino nao unaingiaje? Kumbuka lile somo la kisahani: wino haufanyi kazi kama mwanga. Karatasi nyeupe hurudisha mwanga wote. Wino wa sayani, ile buluu ya maji ya bahari, humeza nyekundu. Wino wa majenta humeza kijani. Manjano humeza buluu. Kwa hiyo wino tatu za printa ni kama milango mitatu inayofungia zile rangi tatu za Maxwell. Ukitaka kujua sayani imemwagika kiasi gani kwenye karatasi, unaiangaza kwa mwanga mwekundu na kuona ni mwingi kiasi gani umekosa kurudi. Wino wa nne, mweusi, huongezwa kwa sababu zile tatu zikiwekwa pamoja hazitoi weusi uliokolea vizuri.

Mashine kubwa za leza siku hizi zinajipima zenyewe. Katikati ya kazi, printa huweka vijiraba vidogo vya tona kwenye mkanda wake wa ndani, mahali ambapo wewe huvioni. Kitambuzi cha mwanga kinavimulika na kupima kiasi kinachorudi. Tona ikiwa nyepesi au nzito mno, mashine inarekebisha umeme wake, kisha inaendelea. Inafanya hivyo kwa sababu tona hushikiliwa kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo hubadilika hewa ikiwa na unyevu au ikikauka, joto likipanda au likishuka. Mashine iliyochapisha vizuri asubuhi inaweza kukuangusha jioni, na hakuna mtu aliyeigusa.

Ila kuna swali lilibaki: kama J na K hawakukubaliana, nambari zitafuata macho ya nani? Jibu lilikuja mwaka 1931. Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE, ilichukua vipimo vya wanasayansi wawili wa Uingereza, William David Wright na John Guild. Mmoja alikuwa amewapima watu 10, mwingine watu 7. Kutokana na macho ya watu hao 17 wakaunda mtazamaji wa wastani, mtu asiyekuwepo popote, ambaye macho yake yapo kwenye jedwali la nambari tu. Kazi ile ilikuwa mwendelezo wa lile sanduku jeusi la London.

Mtu huyo wa jedwali ndiye anayehukumu bango lako hadi leo. Kompyuta ikimwambia fundi kwamba rangi iliyotoka iko mbali na iliyoagizwa, inatumia hesabu zilizojengwa juu ya macho yake. Halafu inatengeneza jedwali la marekebisho: ukiagizwa rangi hii kwenye karatasi hii, punguza majenta kidogo, ongeza manjano kidogo.

MIAKA 48 TU

Mwaka 1865 Maxwell aliacha kazi ya London na kurudi Glenlair kuandika. Mwaka 1871 Cambridge ilimwita awe profesa wa kwanza wa maabara ya Cavendish, ambayo haikuwa hata imejengwa. Alisimamia ujenzi wake, ikafunguliwa mwaka 1874. Katika miaka hiyo Katherine alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na sasa zamu ya kuuguza ikawa ya mumewe. Alikesha kando ya kitanda chake usiku, na asubuhi akaenda kazini.

Kisha ugonjwa ukamgeukia yeye. Saratani ya tumbo, ule ule ugonjwa uliomchukua mamake. Aliaga dunia Novemba 5, 1879, akiwa na miaka 48. Alizikwa Parton, karibu na nyumbani kwao. Mawimbi aliyoyatabiri hakuwahi kuyaona yakithibitishwa. Heinrich Hertz alifanya hivyo Ujerumani karibu miaka tisa baadaye. Wala hakuona picha za rangi zikichapishwa magazetini.

Sasa wewe kijana, unachukua nini hapa? Wapo wanaokuona unapoteza wakati na vitu vidogo. Maxwell alipoteza wakati na pia. Alichofanya tofauti ni kutoridhika na jibu la juu juu. Wengine walibishana kama rangi mbili zinafanana. Yeye aliuliza zinatofautiana kwa kiasi gani, kisha akatafuta njia ya kupima. Na alipopata kwamba macho yake na ya mkewe hayakubaliani, aliandika matokeo yote mawili.

Jaribu mwenyewe wikendi hii. Kata duara la katoni, lipake nyekundu, kijani na buluu, penyeza kijiti katikati, lizungushe. Haitatoka kijivu safi mara ya kwanza, kwa kuwa kalamu zako za rangi si karatasi za Hay. Ongeza kijani kidogo. Punguza nyekundu. Zungusha tena, na andika ulichobadilisha.

Na siku bango lako likitoka na rangi ya matope, usianze ugomvi na fundi. Muulize kwa upole aliipima mashine yake lini mara ya mwisho.